Kifuniko cha Ndoo ya Saba

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: mbichi.
Alilitamka Kalunde, mpimaji aliyetumwa kutoka Tabora mjini,
ameinamia kioo chake kidogo,
jicho moja amelifumba kama mtu anayelenga ndege.
"Ndoo ya saba, maji asilimia ishirini na tatu.
Asali hii mbichi."

Mihayo alikuwa mlangoni pa ghala letu, hapa Ipole,
moshi wa jana bado umo kwenye koti lake.
Hakusikia maji. Hakusikia asilimia.
Alisikia: mtu mzima wewe, miaka thelathini na minane mtini,
unarina masega ambayo nyuki hawajayafunga,
kama mtoto anayefunua chungu kabla hakijaiva.

Akajibu, na jibu nalo lilikuwa na mwiba:
"Hicho kidubwasha chako kimewahi kuumwa na nyuki?"
Watu wakacheka.
Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe.

Kalunde akafunga zipu ya mkoba mpaka mwisho.
Hakusikia mzaha.
Alisikia wajomba zake wakiuliza, siku ile ya kuaga,
kama kweli kuna shule ya kusomea asali;
alisikia Morogoro, chumba cha watu sita,
kitabu na tochi ya simu chini ya shuka.

Mimi ni katibu wa chama. Kupanda sijui, kupima sijui.
Ujuzi wangu ni kuandika tarehe na kutunza funguo.
Siku tatu nikawa mpagazi, kazi ya babu zetu,
ila mzigo wangu ulikuwa maneno.
Kwa Mihayo: hakukudharau yule.
Kwa Kalunde: alikuwa anakutania tu.
"Utani gani? Yeye Mnyamwezi, mimi Mnyamwezi.
Angekuwa Mzaramo ningemwelewa."
Nikarudi na mzigo wangu kama nilivyokwenda nao.

Usiku wa tatu mvua ilipiga bati
nikaamka nimekaa kitako.
Ndoo ya saba.
Ndiyo ninayoikalia nikiandika daftari,
kwa sababu kiti cha ofisi kina miguu mitatu.
Kifuniko kilipasuka tangu Januari, ufa kama unywele,
na asali, hata ikomae vipi,
hunywa hewa ya mvua bila kuomba ruhusa.

Asubuhi niliwaita wote wawili.
Nikaonyesha ufa. Nikaonyesha na makalio yangu,
maana ushahidi ulikuwa huo.
Hakuna aliyecheka.

Mihayo akachota chupa kutoka ndoo ya sita,
akaigeuza kichwa chini. Kiputo kikaanza kupanda
taratibu, kama mgonjwa anayekwenda msalani.
Akageuza ya saba: kiputo kikaruka.
Kalunde akaweka tone la ya sita kwenye kioo, akampa achungulie.
Akafumba macho yote mawili.
"Fumba la kushoto tu," akasema, akimshika kiwiko.
Alichungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Kumi na saba," akasoma. "Kumbe mnaona kilekile."

Kisha Kalunde, akifuta kioo kwa pindo la kanga:
"Kwetu mbichi ni yenye maji. Sikusema umeirina mbichi."
"Ungesema imelowa."
"Imelowa."
"Hapo nimekusikia. Na hicho, kinaitwaje?"
Akamtajia. Mihayo akalijaribu jina, likamvunjikia mdomoni.
"Kidubwasha sawa," akasema Kalunde. "Ila kinasoma vizuri."

Wanasema fuata nyuki ule asali.
Hawakusema umfuate nani ukitaka kuiuza.

Ndoo ya saba imekwenda kwa wapika wanzuki,
hasara imekatwa kwangu, na ni haki.
Jumanne niliwaona njiani kuelekea msituni,
yeye na kamba, yeye na mkoba,
wanabishana juu ya maua ya miyombo,
sikusikia nani alikuwa anashinda.

Kiti bado kina miguu mitatu.
Haya nimeyaandika nimesimama.